Redio za Zamani za Kasulu na Kibondo

Somo letu la leo lahusu redio yenyewe, yaani kile kisanduku kinachotuletea masomo haya. Na wewe unayesoma maneno haya kitabuni, labda kwa sababu siku ile ulikuwa shambani, au mawe ya redio yako yalikuwa yamekwisha, mimi nasema nawe vilevile. Soma polepole. Kama mpo wengi, mmoja awasomee wenzake kwa sauti.

Kabla hatujaanza nina ombi. Kama katika kikundi chenu yuko mwenye redio ya zamani, hata ikiwa imekufa kabisa, na ailete aiweke mezani. Asiifungue, asiioshe, wala asiipake rangi ili ipendeze. Aiweke kama ilivyo, pamoja na kitambaa chake cha kufuma kama bado kipo.

Haya, tuitazame.

Wazee waliita chombo hiki simu ya upepo. Jina hilo lilikuwa zuri, kwa kuwa lilieleza ajabu ya maneno kusafiri bila waya. Lakini upepo hauna kazi hapo. Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga wa jua: hupita hata mahali pasipo na hewa, na mwendo wake ni kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Katika nchi yetu chombo hiki kilianza kuwa cha serikali na cha vita. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliipiga Dar es Salaam mizinga kwa sababu ya kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Baadaye, mwaka 1928, Nairobi ikapata utangazaji wa muziki na habari, lakini wakati ule ulikuwa wa wazungu hasa. Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalichukua nalo likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Na tangu 2008 twalijua kwa jina la TBC.

Sasa, wewe uliyeko Kasulu utauliza: Sauti iliyosemwa Dar es Salaam ilifikaje huku milimani, na kwa reli tu, mpaka Kigoma, ni zaidi ya kilometa 1,200? Jibu liko katika redio yenu hapo mezani. Tazama kioo chenye mistari na namba. Redio nyingi za zamani zina mstari wa masafa ya kati na mistari mmoja, miwili au zaidi ya masafa mafupi. Mawimbi ya FM, ambayo vituo vingi hutumia leo, huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, kwa hiyo kilima huyazuia. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi mchana, na usiku huenda mbali zaidi. Lakini yale ya masafa mafupi hurushwa juu, hugonga tabaka lililo mbali sana angani, kisha huanguka chini mbali na yalikotoka, kama mpira uliopigwa ukutani. Ndiyo sababu mtu wa Kasulu aliweza kuisikia London, na asijue habari za mjini Kigoma mpaka lori lifike. Idhaa ya Kiswahili ya London ilianza mwaka 1957, na ile ya Ujerumani mwaka 1963. Sauti ilikuja ikivuma, ikapanda na kushuka, na wasikilizaji wakanyamazishana.

Geuza redio utazame nyuma. Kama kuna tundu mbili ndogo, moja ni ya waya wa angani, uliofungwa juu ya mti au mlingoti, na nyingine ni ya waya wa kwenda ardhini. Katika kioo cha redio nyingi zilizotoka Ulaya miaka ile kumeandikwa majina ya miji: Hilversum, Luxembourg, Paris. Mimi napenda sana kuyatazama majina hayo. Aliyeiunda redio alimfikiria msikilizaji aliyeketi Ulaya, wala hakujua kwamba siku moja kidole cha Muha kitausogeza mshale upite Hilversum bila kusimama, ukitafuta Dar es Salaam.

Redio za kwanza zilikuwa za valvu, yaani chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama taa. Ulipoiwasha ulingoja kidogo mpaka zipate joto, ndipo sauti ikatoka. Zilikula umeme mwingi. Mahali pasipo na umeme zilihitaji betri kubwa nzito, na betri hiyo ikiisha, redio ilikuwa sanduku tu. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, afisa mmoja aitwaye Harry Franklin alitafuta njia ya kumfikishia mtu wa kawaida redio. Kiwanda cha Ever Ready cha Uingereza kikamtengenezea redio ya duara, ya bati la alumini kama la sufuria, nayo ikaitwa redio ya sufuria. Ilianza kuuzwa mwaka 1949 kwa pauni tano, na betri ilinunuliwa mbali. Betri hiyo ilidumu kama saa 300. Fanya hesabu: ukisikiliza saa tatu kila siku, utapata siku 100. Baada ya hapo utafute fedha tena, na duka liko wapi?

Huku kwetu redio ya valvu haikuwa chombo cha kila nyumba. Utaisikia ikitajwa misheni, au kwa mwenye duka, au kwa mtumishi wa serikali. Wengine waliiona kwanza mbali na kwao, maana wanaume wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba. Walirudi na nguo, mablanketi na baiskeli. Kama katika kijiji chenu yuko mzee aliyerudi pia na redio, au aliyesikiliza redio huko kambini, yeye ni mtu wa kuulizwa upesi. Walioondoka vijana kwenda mkongeni miaka ya 1950 hawakubaki wengi.

Kilichobadili mambo ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi, nacho ni transista. Iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na redio za kwanza zenye transista ziliuzwa mwaka 1954. Haikungoja kupata joto, haikula umeme mwingi, na mawe manne ya kawaida yalitosha. Redio ikawa ya kubebwa begani, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Baadaye redio ziliunganishwa hapa hapa nchini: za Philips Arusha, na za National Dar es Salaam, ambako pia mawe yake yalitengenezwa. Funua kifuniko cha chini. Huenda ukaona kibandiko kinachosema ni kazi ya Tanzania.

Hapo ndipo redio ikaingia katika mambo ya nyumbani. Watoto walingoja Mama na Mwana. Wagonjwa hospitalini walipelekewa salamu katika Ugua Pole. Watu wakacheka na Pwagu na Pwaguzi. Na lilipofika tangazo la vifo kila mtu alinyamaza, kwa sababu mwenye ndugu Tabora au Dar es Salaam hakuwa na njia nyingine ya upesi kujua kwamba amefiwa. Jina la marehemu lilisomwa, kisha majina ya jamaa na mahali walipo. Mwenye redio akisikia jina la jirani yake alikwenda kumgongea mlango usiku. Kazi hiyo ya kubeba msiba kutoka redioni mpaka mlangoni haimo katika kitabu chochote cha historia ya utangazaji nilichosoma, na mimi naiona kubwa kuliko habari za mitambo.

Mwaka 1973 ulikuwa mwaka wa somo la Mtu ni Afya. Wengine wenu mlikuwamo. Kwa majuma 12, vikundi vilikutana nchi nzima kusikiliza redio, kusoma kitabu, kuzungumza na kisha kufanya kazi iliyoamuliwa: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na watu walioshiriki wapata milioni mbili. Kwa Kasulu na Kibondo somo lile lilikuja wakati wa namna yake. Kuanzia 1972, katika Operesheni Kigoma, watu walitolewa katika makao yao yaliyotawanyika vilimani wakakusanywa vijijini. Mtu aliyezoea kuishi peke yake na migomba yake sasa alikuwa na jirani hatua chache tu. Choo cha mmoja kikawa shauri la wote. Wako waliohama kwa hiari na wako waliohamishwa bila kupenda. Ukimwuliza mzee juu ya redio ya kikundi, mwache aseme na hayo pia. Usimkatize kwa sababu wewe umekuja kuuliza habari za kisanduku.

Sasa nataka tukae kidogo katika miaka ya karibu, kwa sababu hapa ndipo redio za wilaya zetu zina habari isiyopatikana kwingine.

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Mtu wa Mabamba au wa Manyovu akifungulia Bujumbura hahitaji mkalimani. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 1996 Wakongo waliokimbia vita walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Nduta, Mtendeli na Kanembwa mnayajua; watu wamezaliwa humo, wakaoa humo, wakazikwa humo.

Mtu anayekimbia usiku huchukua nini? Mtoto, chungu, blanketi. Na wengi walichukua redio. Yuko atakayeshangaa: redio ya nini wakati wa njaa? Lakini fikiri. Mwenye chungu atapika leo. Mwenye redio atajua kama barabara ya kurudi imetulia, na kama kijiji chake kimetajwa. Mwaka 1994 London ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake yenye kuwakutanisha jamaa. Yalisomwa majina ya waliopoteana: fulani, mtoto wa fulani, wa kilima fulani, anatafutwa na mamaye aliye kambi fulani. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera huko Ngara, ikasema na wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Kwizera ni kutumaini. Mwaka huohuo Bujumbura kukawa na Studio Ijambo, ambamo Wahutu na Watutsi walitengeneza vipindi pamoja.

Lakini kisanduku kilekile kiliweza kubeba sumu. Kituo cha RTLM cha Kigali kilianza mwaka 1993 kwa muziki mzuri na mizaha, na mwaka 1994 kikawa kinataja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Kesi ya wakubwa wake ilisikilizwa Arusha. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003. Majaji waliwezaje kujua kilichosemwa hewani miaka tisa nyuma? Kwa kanda. Wako watu waliorekodi matangazo yale, na wako waliozitunza kanda. Maneno ya redio hupotea yakishasemwa, na aliyesema uovu hutumaini yapotee. Kanda zile zikazuia hilo.

Basi nirudi kwenye meza yenu, tuzungumze namna ya kutunza. Hapa msikilize kwa makini.

Jambo la kwanza, toa mawe. Mawe yaliyoachwa ndani huoza. Ganda lake la zinki huliwa na maji yake makali huvuja yakala chemchemi na nyaya. Najua tulivyokuwa tukiyaanika juani yapate nguvu tena. Joto huyaamsha kidogo, ni kweli, lakini pia huharakisha kupasuka kwake. Redio nyingi za wilaya zetu ziliuawa hivyo, si kwa uzee. Palipo na ukoga mweupe au wa kijani, futa kwa kitambaa kikavu, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Kama ni redio ya valvu ya umeme, usiichomeke ukutani ujaribu kama inasema. Ndani yake mna vyombo vinavyohifadhi umeme, ambavyo vikizeeka hupasuka au huwaka moto. Umeme wake waweza kumuua mtu, na hata ukiisha kuichomoa unaweza kubaki ndani kwa muda. Fundi mzoefu wa redio za valvu na aitazame kwanza. Kukaa kimya si aibu kwa redio ya makumbusho.

Vumbi lipanguse kwa brashi laini. Maji yasiguse mbao. Usiiweke chini sakafuni palipo na mchwa, wala juu ya moshi wa jiko, wala dirishani panapopigwa na mvua za Novemba. Jina la mwenyewe lililochorwa kwa msumari usilifute. Hilo ni mali kuliko redio. Waya uliofungwa kwa mpira wa baiskeli badala ya kiunzi chake uache hivyohivyo, kwa maana unaonyesha mwenye redio alivyohangaika ili asikose taarifa ya habari.

Na kanda. Kaseti ina vijino viwili vidogo upande wa nyuma. Vivunje, na hakuna atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Usiiweke juu ya spika, kwa sababu spika ina sumaku nayo sumaku hufuta sauti. Mkumbuke pia kwamba studio ya Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi na kwaya nyingi za nchi hii kwa miaka mingi. Kaseti mbovu ya shangazi yako, aliyoirekodi kutoka redioni, yaweza kuwa na kipindi ambacho hakikubaki mahali pengine.

Kisha andika. Twaa karatasi moja kwa kila redio. Nani aliinunua, mwaka gani, wapi, kwa fedha alizozipata wapi? Ilikaa chumba gani? Nani aliruhusiwa kuigusa? (Swali hili waulizeni wanawake wakiwa peke yao, katika nyumba nyingi kifungo kilikuwa cha baba, na mama alisikia kutoka jikoni.) Kituo gani kilisikilizwa zaidi? Lini ilinyamaza, na kwa nini? Redio isiyo na karatasi hii ni plastiki na nyaya. Zimo nyingi za namna hiyo ulimwenguni, za kupendeza kuliko yako.

Juu ya redio za wakimbizi nasema waziwazi: usiinunue redio ya mtu mwenye njaa kwa bei ya kutupa, ukasema unaitunza historia. Mwombe akusimulie. Ipige picha kama amekubali. Akitaka kurudi nayo kwao, ni yake. Wala usiandike jina lake kama yeye hataki. Mwezi wa Mei 2015, Bujumbura, vituo vya watu binafsi kama RPA, Bonesha FM na Isanganiro vilishambuliwa na kunyamazishwa, watangazaji wakakimbia, na maelfu wengine wakaja tena Nyarugusu na Nduta. Mtu aliyeona hayo ana sababu ya kuogopa jina lake kuandikwa.

Utasema, sisi hatuna makumbusho hapa. Mkoa wetu unayo ya Ujiji, ya Livingstone na Stanley, na Dar es Salaam iko makumbusho ya taifa tangu 1940. Lakini si lazima uanze na jengo. Huko London alikuwako mtu aitwaye Gerald Wells, aliyezaliwa 1929, fundi wa umeme aliyependa redio tangu utotoni. Mwaka 1974 alifanya makumbusho katika nyumba ileile aliyozaliwa. Redio zikajaa vyumba, zikajaa ngazi, zikatoka mpaka vibanda vya uani, zaidi ya 1,000. Alikufa mwaka 2014, na watu wakaendelea kuja kuzitazama. Kwenu chumba cha kitabu cha shule chatosha, au kabati moja yenye kufuli katika ofisi ya kijiji, na daftari la kuandika kilicholetwa, nani kakileta, na kama ametoa kabisa au ameazima. Neno hilo la mwisho liandikwe mbele yake na atie sahihi, maana magomvi ya vitu vya kale huanzia hapo.

Maswali kwa kikundi. Katika kijiji chenu redio ya kwanza ilikuwa ya nani, na watu walikaa wapi kuisikiliza? Nani kati yenu alipata habari ya msiba kwa redio, au alipeleka habari hiyo kwa jirani? Yuko aliyelisikia jina la mtu anayemjua katika majina ya waliopotea? Alifanya nini? Mkijibu, katibu aandike kama ilivyosemwa, kwa Kiha kama imesemwa kwa Kiha.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kurekodi sauti ya mzee kwa simu ya mkononi, na mahali pa kuiweka ili isipotee simu ikiharibika. Kila kikundi kije na karatasi moja iliyojazwa. Mwenye redio mezani airudishe nyumbani sasa, na asisahau kutoa mawe. Kwa herini.